Kicheko cha Pili

Wenzangu mliosoma Bukiriro enzi zile za kwenda shule na kuni kwapani mtanielewa. Hawa wa simu hawataelewa, na sina haja ya kuwabembeleza. Sisi tulicheza maigizo, achana na hivi vichekesho ambavyo mtu anajirekodi jikoni amevaa gauni la dada yake. Mwisho wa muhula, uwanjani, pazia ni vitenge vya mama zetu, msitu ni migomba iliyokatwa asubuhi ile ile, na maharage ya sherehe yanachemka nyuma ya darasa, yananukia mpaka mfalme anameza mate katikati ya hukumu.

Mwalimu wetu wa maigizo alikuwa akitafsiri tamthilia za Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe. Shida ni kwamba Kiswahili kilikuwa cha darasani. Wazazi waliokaa mbele walijua Kihangaza, wengine Kirundi walichokuja nacho, na Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu na bei ya chumvi. Basi akafanya kama kanisani: alimsimamisha katekista pembeni ya jukwaa, na kila tuliposema sentensi moja, katekista aliitafsiri kwa sauti ya mahubiri. Sisi tulisubiri. Na hatukusubiri kama mbuzi walionyeshewa. Kama wewe ni mwizi na mkono umeshaingia kwenye chungu, mkono unabaki kwenye chungu na macho yanabaki ya mwizi mpaka katekista amalize. "Ukijikuna utanitambua!" mwalimu alitufokea. Walimu walicheka kwanza, kisha kimya, kisha kikaja kicheko cha pili kutoka mbele, kikubwa, cha akina mama. Kile cha pili ndicho tulichokingojea. Tulipopelekwa Biharamulo kwenye lori la mahindi, tulipewa mkalimani wa Kisubi aliyependa kunogesha maneno. Nilikaa nimeinua mguu mmoja mpaka ukafa ganzi. Sikuushusha.

Mguu ule ndio ulionipeleka chuoni. Sikubebwa na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Nilichoma matofali, nikabeba magunia, nikasoma, nikarudi Ngara na stashahada ya uongozaji wa tamthilia, ya kwanza katika ukoo wetu na, mpaka nitakapoonyeshwa nyingine, katika kata nzima. Sasa ninatafsiri tamthilia na kufundisha vijana uongozaji hapa Nyamiaga. Lakini mama yangu hakuwahi kuielewa kazi hii. "Unawafundisha watu kuigiza," aliniambia kwa Kihangaza. "Kwani walishindwa kudanganya wenyewe?" Aliniona nikiiacha kahawa ya marehemu baba kwa ajili ya kitu asichokijua hata jina. Kwa hiyo darasa langu lilipoalikwa kuonyesha Bukiriro mwezi uliopita, nilimketisha benchi la mbele. Nilitaka aone, walau mara moja, nilichokiendea.

Mwongozaji siku hiyo alikuwa mwanafunzi wangu Eliya, kijana anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nilimwambia aweke mkalimani.

"Mwalimu, hayo ni ya zamani. Siku hizi kila mtu anajua Kiswahili."

"Na mama yangu?"

"Mpe shikamoo yangu. Ataelewa tu kwa vitendo."

Vitendo! Wachezaji walifyatuka kama ndama waliofunguliwa, wawili watatu wakisema kwa pamoja. Huko nyuma vijana wenzao walicheka na kuinua simu. Mbele, akina mama walianza kuulizana habari za palizi. Mama yangu akageuka kunitafuta, uso kama wa mtu aliyealikwa chakula akakuta sahani tupu.

Nikapanda. Nilisimama pale pale alipokuwa akisimama katekista, nikawaambia, "Rudieni ugomvi wa mkwe na mama mkwe tangu mwanzo. Sentensi moja, kisha tulieni." Nikaanza kutafsiri, na aibu ikajianika yenyewe. Mmoja alikagua kucha zake. Mwingine alimpungia rafiki yake mkono. Eliya, aliyejipa pia nafasi ya baba wa nyumba, alinyoosha shati. Kizazi kizima hakijui la kufanya na mwili mdomo ukinyamaza!

Isipokuwa Jeneroza, aliyecheza mama mkwe. Alikuwa ameinua mwiko juu ya kichwa cha mkwe wake. Nilitafsiri polepole, kwa makusudi. Mwiko haukutikisika. Macho yake tu yalishuka kidogo kwenye kile kichwa, kama mtu anayechagua mahali. Nilipomaliza, kicheko cha pili kikaja, na sauti ya mama yangu ilikuwa juu ya zote.

Baadaye alinishika mkono. "Mwana wanje," aliniita mwanangu kwa Kihangaza, "kumbe unawafundisha kusubiri."

"Ndiyo, mama."

"Basi hao wengine hujawafundisha bado."

Hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kunisahihisha vizuri hivyo. Na alisema kweli. Zamani hatukuendelea mbele mpaka bibi wa mwisho ameelewa, na uwanja mzima ulicheka tena kwa ajili yake. Siku hizi onyesho linakwisha bibi bado anatafuta pa kukaa, na mchezaji ameshaanza kuhesabu waliompenda mtandaoni. Nimempa Jeneroza onyesho lijalo aliongoze. Eliya atacheza maiti, atalala jukwaani toka mwanzo hadi mwisho. Akijikuna, atanitambua.