Nilipewa kazi ya kuhesabu uchovu wa injini ya ndege Mikumi, wadogo zangu wakaila hesabu

Wakuu, habari za humu. Mimi ni bibi wa watu sasa, akaunti kanifungulia mjukuu. Haya yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Enzi za vijiji vya Ujamaa wazazi wetu walishafariki. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la tano, nikawa na wadogo wanne wa kulisha.

Nikapata kazi ya kufukuza pundamilia kwenye kiwanja cha ndege cha vumbi pale Mikumi.

Ndege yenyewe ndogo, ya kunyunyizia dawa ya viwavi mashamba ya Kilosa. Inaruka, inamwaga dawa Rudewa, inarudi kujaza. Siku nzima ndiyo hiyo.

Siku moja fundi mkuu akaja kutoka Dar. Akakunja waya huku na huku mbele yangu mpaka ukakatika.

"Umekatika kwa uzee?"

"Hapana, Ndugu Fundi. Umeukunja mno."

"Basi ndani ya injini kuna diski ya chuma inayozunguka. Injini ikinguruma hadi mwisho kisha ikatulia, diski imekunjwa mara moja. Rubani anaandika saa za kuruka tu. Wewe nihesabie mingurumo."

Madaftari yalikuwa yameadimika (hata sabuni tulipanga foleni). Nikatafuta kopo la maziwa: kila mngurumo, punje moja ya mahindi.

Sasa rubani wetu alikuwa na mtindo wake. Akiona pundamilia njiani hanisubiri, anaingurumisha injini mpaka watawanyike. Wanarudi. Anawangurumia tena. Asubuhi moja walibishana hivyo mpaka chai yangu ikapoa.

Yote nikaitilia punje. Makopo yakajaa mawili.

Ikaja habari kwamba fundi anakuja kukagua. Nakimbilia makopo: matupu! Mdogo wangu Saidi alikuwa kayapikia kande.

"Dada, unga uliisha. Na wewe jana si uliomba uongezewe kande?"

Kweli, niliomba.

Rubani alifurahi kama kaoa. Akanivuta pembeni.

"Binti, sema lilikuwa kopo moja, tena nusu. Ndege ikisimamishwa na wewe umesimama. Wadogo zako watakula nini?"

Wakuu, alisema kweli.

Fundi alipofika nikamwamkia, nikamweleza yote, na kande ikiwemo. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwita Saidi.

"Yalikuwa yamejaa kiasi gani?"

"Mpaka mdomoni, yote mawili. Nilimimina mwenyewe."

Tukajaza makopo yaleyale mahindi mengine, tukakaa mkekani kuhesabu. Fundi akaongeza konzi moja ya mahindi. "Hizi ni zile walizodonoa kuku," akasema.

Kwa saa za rubani, diski ilikuwa bado nusu ya umri wake. Mingurumo ilishapita kikomo cha diski. Ndege ikasimamishwa, na mimi nikasimama.

Tukahamia kwa shangazi, kijiji cha Masanze, tukalima vibarua. Wadogo walininunia, isipokuwa Saidi.

Wiki kadhaa baadaye rubani akatokea kwa miguu, kajaa vumbi. Akaeleza: injini ilifunguliwa, diski ikakutwa na ufa. Fundi ananiita kazini.

Rubani akavua kofia. Mtu mwenye mvi, wakuu!

"Shikamoo," akaniambia.

Kabla sijafungua mdomo, Saidi akaitikia toka ndani: "Marahaba! Karibu."

Nilichojifunza: chuma hakijali kimekaa miaka mingapi, kinajali kimetumikishwaje. Na kumbukumbu za kazi usizitunze kwa kitu kinachochemka.

Wanaojua injini, nirekebisheni. Wengine semeni ukweli: ungekuwa na wadogo wanne, ungesema makopo mangapi?