Siku niliyomshika baba mkwe mkono kwa sababu ya risasi ya Kibara

Wakuu, salama huko mliko?

Leo naweka hapa jambo langu mwenyewe, halijaongezwa chumvi. Nikiongopa, mke wangu yuko sebuleni hapa anasoma ninavyoandika, na huyu mama hanaga aibu ya kunisahihisha mbele za watu.

Ni mwanzoni mwa themanini, dukani hakuna sabuni wala sukari. Mimi wa Bukima, nimetoka jeshini baada ya vita ya Uganda, nimeoa kijiji cha Bugwema, ndoa ina miezi mitatu tu.

Baba mkwe, mzee Magesa, alikuwaga na shotgun ya kuunga. Mtutu wa bunduki fulani kuukuu, kitako alichonga mwenyewe. Kibali? Msiniulize. Aliipenda mpaka mama mkwe akawa anaiita mke mdogo.

Sasa desturi ya kwao: mkwe hamsogelei baba mkwe, wala hawapeani mikono. Una neno? Unamwambia mkeo, mkeo anamwambia mama yake, mama ndiye anamfikishia mzee. Mimi niliona sawa tu, ni heshima.

Siku hiyo nimewapelekea samaki, sato wakavu, nakuta nyani wamevamia mahindi. Familia nzima iko shambani inapiga madebe. Mwaka wenyewe wa njaa, hayo yakiisha unga hununui popote.

Mzee ana risasi mbili zake za zamani na mbili mpya alizouziwa na jamaa wa Kibara. Mimi nimesimama mbali kwa adabu, lakini niliona zile mpya ni nyembamba kuliko za zamani. Jeshini nilikaa stoo ya silaha, na huko walituimbia kila siku: risasi isiyo ya mtutu wako, hata kama inaingia, usiiweke.

Mzee akaweka nyembamba. Akalenga.

Ta! Haikulipuka.

Akaikunja bunduki katikati kuifungua, akachungulia haraka, haoni kitu. "Imeanguka kwenye majani hii," akasema, akachomoa moja ya zile nene za zamani.

Wakuu, haikuanguka! Iliteleza mbele ikakwama ndani ya mtutu. Akipiga nyingine nyuma yake, mtutu unampasukia usoni.

Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama amwambie mzee asipige!"

Mke wangu: "Mama, mwambie baba asipige."

Mama mkwe: "Kwa nini?"

Aisee, swali likaanza safari ya kurudi kwangu! Na mzee huyo, ameshafunga bunduki, anainua.

Nikakimbia. Nikamkamata mkono, nikauelekeza mtutu chini.

Madebe yote yakanyamaza. Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Mke wangu akaangua kilio, anajua ndoa ndiyo imeisha hivyo. Mzee akang'aka: "Wewe! Unanishika mimi?"

"Baba nisamehe. Toa hiyo risasi, halafu angalia juani kupitia mtutu."

Akaitoa. Akaangalia. Hakuona mwanga.

Akaangalia tena, muda mrefu. Akaiweka bunduki chini taratibu, na yeye akakaa papo hapo kwenye matuta. Nyani nao wakajilia mahindi, hakuna wa kuwafukuza.

Mimi nikarudi nyuma hatua zangu zote, nikainamisha kichwa, nikangoja kufukuzwa.

Nilichojifunza: usinunue risasi kwa kukisia, na silaha ya kuunga ni balaa, msijaribu. Heshima pia ina mahali pa kuiweka pembeni. Nyie mnaotoka kwenye familia zenye miiko kama hii, mngefanyaje? Semeni ukweli.

Maana mzee alikaa pale mpaka nikadhani amezimia. Halafu akanyoosha mkono, hakumtazama mkewe wala binti yake, akanitazama mimi moja kwa moja.

"Mkwe," akasema, "njoo uninyanyue. Miguu imekataa."