Ukungu wa Dirishani Kwangu

Nilijiapiza nisimwambie mtu, lakini baba mkwe ameshaisimulia Bukoba nzima, basi nami niseme.

Nyumba yetu hapa Mwanza inatazama ziwa. Maji ya kisima chetu ni magumu, hata birika linaota magamba meupe ndani. Mwaka jana nilifunga mabomba ya kumwagilia bustani, yenye vichwa vinavyozunguka vyenyewe kila asubuhi na kurusha maji kwenye nyasi chini ya dirisha la sebule. Baada ya miezi michache nikaanza kuketi pale na chai yangu, nikitazama ukungu ukilifunika ziwa na mawe yakielea kama ndotoni. Nikitoka nje, naukuta umeshatoweka. Nikajiambia kuwa ukungu una haya.

Baba mkwe, mkulima wa kahawa, alizoea kulalamika kwamba nimemleta binti yake kwenye mawe na jua tupu. Nikampigia simu nikamwambia, "Baba, huku kuna ukungu kama wa kwenu." Akapanda meli kuja kuuona.

Asubuhi nikamkalisha dirishani na supu yake. Tukatazama, mimi nimejaa fahari. Vichwa vya maji vikazunguka, matone yakapiga kioo. Mzee akainuka taratibu na kipande cha ndimu alichokamulia supu, akasugua kioo kwacho. Pakafunguka tundu kama sahani, na ndani yake ziwa likang'aa, jua limeshawaka juu ya mawe.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole, "wa kwetu hautoki kwa ndimu."