Mchumba Wangu Alilifanya Kaburi la Baba Kuwa la Mla Watoto

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka ishirini na tisa, ni fundi wa nguo, nimepanga chumba Majengo hapa Moshi, ila nyumbani ni Kibosho. Nimechumbiwa. Ndoa imeshatangazwa kanisani mara mbili, limebaki tangazo la mwisho Jumapili ijayo, na sijui nitakaa na uso gani kwenye benchi nikilisikia.

Mchumba wangu nitamwita Frank. Ni mwongozaji wa tamthilia. Baadhi yenu humu mmeiangalia yake bila kumjua, ile ya ufalme wa mlimani, yenye joka, na malkia aliyepokonywa kiti na mfalme mla watoto. Mavazi ya malkia nimeshona mimi. Ngozi ya joka nimeshona mimi, kwa maturubai, mpaka vidole vikatoboka. Ndivyo tulivyojuana. Alileta kitambaa kwenye kibanda changu, kesho yake akarudi bila kitambaa.

Nisiseme uongo, alitufaa sana. Baba alipougua, mvua ilikuwa imeharibu barabara na gari halikuweza kufika nyumbani. Frank alimbeba mgongoni kwenye tope mpaka lilipokuwa gari. Posa yake baba aliipokea akiwa kitandani, akasema amepata mtoto wa kiume mwingine. Alipofariki, Frank alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Tulimzika kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Baba alikuwa katekista. Watu wazima wengi wa kigango chetu ndiye aliyewafundisha komunyo ya kwanza.

Basi ilipofika sehemu ya mwisho ya tamthilia, Frank akasema anataka migomba na ukungu, akaomba kurekodia kwetu. Mama alikubali, akawapikia na machalari ya ndizi na nyama. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Rekodini popote, baba, ila pale kwa mzee msipaguse." Frank akamjibu, "Mama, yule ni baba yangu pia." Watu wa nyumbani wakaombwa wabaki upande wa mbele ili sauti zao zisiingie. Mimi nikatumwa mjini nikamalizie joho la malkia la sherehe ya ushindi. Nilishinda kwenye cherehani.

Siku ya kuoneshwa tulijaa sebuleni kwa mama, shangazi, kaka yangu na mke wake, majirani, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo. Mama alikuwa anawaonesha watu kila mgomba wake unaopita. Joho langu sikuliona hata mara moja. Kisha malkia akamuua yule mfalme, askari wakamburuta, na kilichofuata ni kaburi. Lilikuwa limepakwa tope na msalaba umeng'olewa, lakini mke hawezi kulisahau kaburi la mume wake. Maua yaliyolizunguka alipanda kwa mkono wake. Kumbe siku ile walilisafisha na kurudisha msalaba kabla hatujapita nyuma. Malkia akalitemea mate, akasema hapa amelala aliyekula watoto wa nchi hii, kila apitaye na ateme. Watu wa ule ufalme wakapita mmoja mmoja, wanatema.

Mama akasema taratibu, "Huyo ni baba yenu," akainuka akaingia chumbani.

Baada ya hapo kipande kile kikasambaa kwenye simu za watu, na walioyajua mazingira wakasema ni kwetu. Vijana tusiowajua wakaanza kupita kihambani kupiga picha, na asubuhi moja mama alikuta makohozi juu ya kaburi. Akachota maji, akaliosha mwenyewe, akakataa nimsaidie. Shuleni watoto wa kaka wanaitwa wajukuu wa mla watoto. Kaka haongei na mimi. Anasema mimi ndiye niliyemleta yule mtu nyumbani.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema Frank aje na sale. Hilo ni jani ambalo kwetu Wachagga ukimpelekea uliyemkosea, umeomba radhi, na yeye hakatai. Jani tu na maneno mawili. Nikamfuata Frank Rau anakoishi, nikamweleza nikiwa nalia. Akasema kile ni kipande bora kuliko vyote alivyowahi kurekodi, kila mtu anakisifia, na kwamba akienda kuomba msamaha atakuwa amekubali kwamba sanaa yake ni kosa. Akasema mama haelewi mambo haya. Akaniuliza kama naolewa na yeye au na ukoo.

Hapo bado nilikuwa namtetea moyoni. Kilichonimaliza ni yule dada aliyecheza malkia. Alikuja kibandani kwangu mwenyewe, amejiinamia, akasema hakujua. Siku ile aliogopa kutema mate, akamuuliza Frank lile ni kaburi la nani. Frank akamjibu, "La mzee mmoja wa zamani, hana watu."

Hana watu. Mtu aliyembeba mgongoni.

Nikamuuliza na joho. Akasema joho halikuwepo kwenye mpango wa siku ile. Kumbe nilitumwa mjini ili nisiwepo.

Nimemwambia mama kila kitu, nikitegemea atanikataza, nipate pa kuegemea. Hakunikataza. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya, akasema, "Mimi sivunji ndoa ya mtu. Ila posa ya huyo kijana hakuipokea mama yako. Aliipokea baba yako. Mwambie aende pale nyuma akamuulize kama bado anampa binti."

Nimempelekea Frank maneno hayo jinsi yalivyo. Ameyasoma. Jana amenitumia picha ya pete ya ndoa.

Nyinyi mliowahi kumpenda mtu aliyewadhalilishia mzazi, nisemesheni. Padre anasoma majina yetu Jumapili. Nikae nisikilize, au nisimame nimkatize?