Mbavu Tatu za Jedidah

Kila Jumanne asubuhi Jedidah Kemunto alikuwa akivunja miguu ya panya. Usishtuke. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyemshinda kwenye maabara yao pale Minneapolis. Alimlaza panya kwa dawa ya usingizi, akamweka chini ya kifaa cha chuma, akaachia uzito ukaanguka, na mfupa wa paja ukakatika ka! kama njiti ya kiberiti. Baada ya hapo alimdunga dawa aliyoihangaikia miaka mitano, na kila wiki akampiga eksirei kuona mfupa unaungaje. Panya wakipona haraka, dawa ingeanza safari ya kwenda hospitalini, kwa bibi wazee wanaoanguka na kuvunjika nyonga. Hiyo safari ya kutoka kizimba cha panya hadi kitanda cha mgonjwa ndiyo aliyokuwa akiisomea udaktari wa falsafa.

Mumewe, Jotham, aliiita PhD ya panya. Yeye alitunza wazee kwenye nyumba za wagonjwa, mara nyingi shifti mbili kwa siku. "Wenzako wote hapa Brooklyn Park walisomea unesi miaka miwili wakamaliza," alikuwa akimwambia. "Sasa wana-drive magari ya maana. Wewe bado unanuka panya." Mwanzoni alisema huku akicheka. Baadaye kicheko kikaisha, zikaja ngumi.

Na alipiga, jamani! Julai Jedidah alialikwa Boston kueleza utafiti wake mbele ya wataalamu. Jotham akaichana barua, akamsukuma kwenye kona ya meza ya jikoni, akamkanyaga ubavuni mpaka kitu kikalia ndani. Oktoba alimpiga ndani ya gari, kwa kiwiko cha mbavu, huku anaendesha, kwa sababu alipompigia simu kazini ilipokelewa na mwanamume wa maabara. Januari, Jedidah alipomwambia tarehe ya kutetea tasnifu yake imetoka, alimburuta nje kwa nywele, akamtupa kwenye ngazi za maegesho na kumfuata na mateke ya viatu vya baridi, vile vizito. Majirani walipochungulia alimwinua kwa upole, akamfuta theluji mabegani. "Ameteleza kwenye barafu," akawaambia. Mshenzi yule!

Siku hiyo Emérance, mama Mkongo aliyefanya naye kazi maabara, alimpeleka kliniki kisha akamlaza nyumbani kwake Hopkins.

"Dada, ita polisi," Emérance akasema. "Leo hii."

"Hapana. Kwetu mtu anaanzia kwa wazee wa kanisa."

"Wazee watakuunga mbavu?"

Jedidah alishikilia msimamo wake. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipokosea, lakini nani hajui watu wetu? Mwanamke anayemfunga mumewe kabla wazee hawajakaa huachwa kama nyumba yenye ndui. Hatembelewi, hapikiwi, hata akifiwa atazika peke yake. Jedidah hakuwa na ndugu mwingine Marekani zaidi ya kanisa lile. Akaapa mbele ya Mzee Nyabuto, kiongozi wa wazee, kwamba atakalolisema baraza atalifuata. Naye Jotham akatuma sharti lake: mke arudi nyumbani, na aandikie chuo kwamba ameacha masomo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atetee tasnifu.

Walikaa Jumamosi mchana sebuleni kwa Mzee Nyabuto. Mkewe, Mama Maureen, alimimina chai na kupitisha mandazi bila kusema neno. Emérance alikaa karibu na mlango akiwa na koti lake.

Jotham alisali kwanza, tena kwa machozi. Kisha akasema, "Wazee, mimi sijawahi kumgusa huyu. Alianguka mara moja, wiki mbili zilizopita, kwenye barafu. Hizo mbavu anazoziimba zote ni za siku hiyo. Ni masomo yamemchanganya akili."

Mzee Nyabuto akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Jedidah, mwanangu, barafu ya huku imetuangusha sote. Kitabu nacho kina mwisho. Rudi, mtunze mume wako. Shule utaisoma watoto wakikua."

Watoto wenyewe hawakuwa nao hata mmoja. Angenyamaza hapo yangekuwa yamekwisha: masomo, na yeye mwenyewe pia, maana alijua teke lijalo halitasimama kwenye mbavu. Akafungua kompyuta yake, akaiweka kati ya vikombe. Ilikuwa eksirei ya kifua chake, aliyorudi kupigwa kliniki juzi yake.

"Mzee, naomba nikuonyeshe kazi yangu," akasema. "Mfupa ukivunjika huota nundu pale unapounga. Nundu hukua, ikaiva, ikaanza kulainika na kupotea. Nimezitazama kwa miaka mitano, miguu ya panya zaidi ya mia nne, na mfupa wa mtu hufuata njia hiyohiyo, ila polepole. Ona ubavu huu. Nundu yake ni wingu tu, ndiyo inaanza. Huu ni wa wiki mbili. Sasa tazama huu wa chini yake. Nundu ni nene, imekomaa. Huo una miezi mitatu hivi."

Kidole chake kikashuka.

"Na huu umeshalainika, ukichungulia vibaya hutauona. Sikutajii siku na saa, Mzee, lakini una nusu mwaka. Hesabu mwenyewe urudi nyuma. Ni Julai. Niambie, Julai hapa Minnesota barafu niliyoteleza ilikuwa wapi?"

Mzee aliinama karibu na kioo. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Jotham hakungoja. Aliipiga ile kompyuta kwa ngumi, kioo kikapasuka, akamrukia Jedidah juu ya meza na mikono yote miwili shingoni. Vikombe viliruka. Chai ya moto ilimwagika mapajani mwa Jedidah na hakuweza hata kulia, pumzi haikuwapo. Jotham alimgonga kichwa sakafuni mara moja, mara mbili, akipiga kelele, "Nisomee na hii! Nisomee na hii!" Mzee Nyabuto alisimama pale na Biblia mkononi, akiita, "Jotham! Jotham, kijana wangu!" kana kwamba anamwita mezani.

Emérance ndiye aliyeinyakua chupa ya chai. Alimpiga nayo kisogoni kwa nguvu zake zote, akaongeza ya pili sikioni. Jotham akaanguka ubavu ubavu, akabaki akikoroma na kutoa damu kwenye zulia.

Jedidah alikohoa, akatapika, akajivuta mpaka ukutani.

"Haya," Mzee akasema hatimaye, akijifuta jasho. "Shetani ametutembelea. Tusimame tuombe, na ya humu yabaki humu. Hakuna haja ya polisi."

Mama Maureen hakusimama. Alipiga magoti kwenye chai iliyomwagika, karibu na Jedidah, akalikunja shati lake mkono wa kushoto mpaka juu ya kiwiko. Akamnyooshea.

"Na huu, mwanangu," akauliza, "huu ni wa lini?"

Jedidah aliushika. Vidole vyake vikaenda vyenyewe, vikapita juu ya mfupa, vikakuta pale ulipopinda na kuungana ukiwa umepinda.

"Ni wa zamani sana, Mama. Haukupata hata plasta."

"Miaka ishirini na sita. Nilisema nimeteleza nikiteka maji." Hakumtazama mumewe. Alitoa simu mfukoni mwa aproni akaiweka kwenye mkono wa Jedidah. "Piga. Huyu mzee hatasema neno."

Jedidah akapiga, na Mzee Nyabuto hakusema neno.