Mutoto niliyemukatisha kilimi

Mutaa wetu wote wa Kadutu unajua mbao zangu. Nilianza kama mubebaji, kushusha mbao za Bunyakiri kwa bega. Leo malori mawili ni yangu. Masomo yangu yaliishia troisième primaire, mwaka wa tatu wa shule ya musingi. Vingine vyote nilijifunza kwa macho, na sikuwa mutu wa kuomba ushauri.

Binti yetu wa mwisho alikuwa na miaka ine sauti yake ilipoanza kukwaruza. Bibi yangu, mama ya mutoto, akataka twende hospitali, kule Ibanda.

"Huyu iko na kilimi tu," nilimujibu. "Mimi nilikatwa. Nilikufa?"

Kwetu mutoto akikohoa sana, tunasema kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa koo kimerefuka, na kuna muzee wa kukikata. Nilimupeleka mwenyewe, nikamushika kichwa. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwamba kazi imekwisha.

Miezi ikapita. Pumzi yake ikawa kama musumeno uliokwama ndani ya mbao mbichi. Akivuta hewa, ngozi ya chini ya shingo inaingia ndani. Siku midomo ilipogeuka rangi, tulikimbia Ibanda.

Docteur alimuambia afungue kinywa. Mutoto akakifunika kwa mikono miwili, huku ananiangalia mimi.

Walipomaliza kumupima kwa kamera, docteur akatuita.

"Papa, ugonjwa hauko pale mulipokata. Iko chini, ndani ya njia ya pumzi. Vinyama vimeota, kama chunjua, vile vidogo vinavyoota kwenye vidole. Si kansa, lakini vinaziba. Watoto wa namna hii ni wachache sana."

"Vilianza lini?" nikauliza.

"Siku sauti ilipobadilika."

Bibi yangu hakunitukana. Aliuliza tu: "Docteur, na huyu papa atamushika kichwa tena?"

Walitoboa shingo, wakaweka kamrija ka kupumulia, ndipo wakatoa vile vinyama. Docteur alisema vinaweza kurudi, hata mara nyingi.

Kwa sababu ya ule mrija, sauti haitoki. Akilia, tunaona machozi tu. Makohozi yakiziba, hawezi kuita. Kwa hiyo mumoja wetu lazima amuangalie, muda wote. Infirmière, muuguzi wa pale, alinionyesha kuusafisha mara tatu, na mara ya tatu nilimuomba mwenyewe.

Leo ni zamu yangu. Wateja wanapiga simu. Siipokei, maana nikiipokea lazima nigeuze uso, nimuache mutoto.