Kombe Nililolitia Chokaa

Mimi ni fundi wa chokaa, na ufa hunikera. Msinicheke kabla hamjasikia.

Nilikuwa nakarabati nyumba ya kale mtaani Ndia Kuu. Dokta Rehema, mtafiti aliyepanga chumba cha juu, alianika barazani makombe ya bahari yaliyogeuka mawe. Moja lilikuwa na ufa. Nikachanganya chokaa laini, nikauziba, nikasawazisha kwa kidole, nikaenda zangu kunywa kahawa. Dokta mwenyewe hakugundua. Alikata kipande, akakipeleka maabara wapime umri wake na bahari ya enzi zake.

Majibu yalipokuja, alituita barazani, mafundi na majirani. Kombe la kale lilitoka na umri wa juzi, na bahari lilimoishi ikaonekana kama maji ya mvua.

"Pengine mvua imepenya mwambani ikabadilisha madini yake," alisema. "Kombe likibadilika hivyo, huyapati tena liliyoyaona."

"Mvua hiyo!" nikadakia, fundi mzima. "Mimi naijua mvua."

Akachukua kipande kilichobaki, akakitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Ami Omari," akaniambia, "hii ni chokaa. Imegandishwa na hewa ya mwaka huu, ndiyo maana umri umeshuka. Nani ameitia?"

Nikageukia ukuta, nikajifanya naukagua. Kosa ni langu, sawa, lakini nionyesheni fundi mwingine Mombasa awezaye kuziba ufa hata msomi asiuone!

Dokta akanipa kioo. Ndani ya chokaa, nyeupe pee, palikuwa na alama ya kidole gumba, pamoja na kovu langu la patasi.

Nikakitia kidole mfukoni. Baraza zima likautazama mfuko wangu.